Jimbo la Singida Mashariki: Kampeni za Tundu Lissu na Safari ya Kiti cha Ubunge, 2010 hadi 2019

Na Mwandishi Wetu, Singida

Katika majimbo manane ya uchaguzi ya Mkoa wa Singida yaliyoshindaniwa mwaka 2010, saba yalichukuliwa na Chama Cha Mapinduzi (CCM). La nane, Singida Mashariki, lilikwenda kwa mgombea wa Chama cha Demokrasia na Maendeleo (CHADEMA), Wakili Tundu Antiphas Mughwai Lissu. Miaka mitano baadaye matokeo yalijirudia vilevile: saba kwa CCM, moja kwa CHADEMA, na jimbo likiwa lilelile. Mwaka 2019 kiti hicho kilitangazwa kuwa wazi na kikajazwa bila wananchi kupiga kura hata moja. Ndani ya muda usiofika miaka 10, wapigakura wa jimbo hili moja wamepitia karibu kila hatua ambayo sheria za uchaguzi za nchi yetu inaifahamu: kampeni za ushindani, shauri la kupinga matokeo, kiti kutangazwa wazi, uchaguzi mdogo na mgombea kupita bila kupingwa. Kwa sababu hiyo jimbo hili linafaa kuelezwa kwa kirefu kwa mwananchi anayetaka kufahamu jinsi kiti cha ubunge kinavyopatikana na jinsi kinavyoweza kupotea.

Jimbo na watu wake

Singida Mashariki ipo upande wa mashariki wa Wilaya ya Ikungi, kandokando ya barabara kuu itokayo Dodoma kupitia Manyoni na Issuna kuelekea Singida mjini. Ni eneo la nusu ukame, lenye mvua za msimu mmoja. Wakazi wake, wengi wakiwa Wanyaturu, hulima alizeti, mtama, uwele na mahindi, na hufuga ng'ombe, mbuzi na kuku wa kienyeji ambao sifa yao imevuka mipaka ya mkoa. Katika eneo la Mang'onyi kuna dhahabu, na mgodi wa Kampuni ya Shanta ulianza uzalishaji mwaka 2023.

Jimbo lenyewe ni changa. Hadi uchaguzi wa mwaka 2005 eneo hili lilikuwa sehemu ya Jimbo la Singida Kusini, ambalo Mbunge wake wa mwisho alikuwa Mhe. Mohamed Missanga wa CCM. Kuelekea Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2010 jimbo hilo liligawanywa kuwa Singida Mashariki na Singida Magharibi, Mhe. Missanga aligombea upande wa magharibi na kushinda. Wakati huo maeneo yote mawili yalikuwa bado ndani ya Wilaya ya Singida. Wilaya ya Ikungi ilianzishwa mwaka 2012, hivyo uchaguzi wa mwaka 2015 ndio Uchaguzi Mkuu wa kwanza uliosimamiwa jimboni humo chini ya halmashauri mpya. Msomaji anayelinganisha kumbukumbu za chaguzi hizo mbili hana budi kulizingatia jambo hili, kwani nyaraka za mwaka 2010 zinapatikana kwa jina la Halmashauri ya Wilaya ya Singida.

Mgombea

Lissu alizaliwa tarehe 20 Januari 1968 katika Kijiji cha Mahambe, kilichopo katika wilaya ambayo leo ni Ikungi. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Chuo Kikuu cha Warwick nchini Uingereza. Kabla ya kuingia bungeni alifahamika zaidi kama mwanasheria wa mazingira katika taasisi ya LEAT, hususan kwa kazi yake kuhusu haki za wananchi wanaoishi jirani na maeneo ya machimbo ya madini.

Taasisi hiyo inahusiana na kampeni za uchaguzi kwa njia ambayo wengi wameisahau. Marekebisho ya Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2000 yalikuwa yameruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani mgombea kuwapa wapigakura chakula, vinywaji au vitu vingine kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa kimila. LEAT, pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na taasisi ya NOLA, zilifungua shauri Mahakama Kuu kupinga vifungu hivyo. Mwezi Aprili 2006 Mahakama ilitamka kuwa takrima ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa inawabagua wagombea wasio na uwezo na kufungua mlango wa rushwa. Ulikuwa uamuzi mkubwa. Miaka minne baadaye Bunge lilitunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi, Na. 6 ya mwaka 2010, inayoweka ukomo wa matumizi ya mgombea na kumtaka aeleze vyanzo vya fedha zake. Rais Jakaya Mrisho Kikwete aliitia saini mwezi Machi mwaka huo, na kampeni za mwaka 2010 zikawa za kwanza kuendeshwa chini yake.

Kwa lugha nyepesi, mgombea aliyefika kijijini mwaka 2010 alikuwa katika mazingira ya kisheria tofauti kabisa na aliyefika mwaka 2005. Pilau na kanga havikuwa tena ukarimu, vilikuwa kosa. Iwapo kila mahali sheria hiyo iliheshimiwa ni suala jingine, na mwananchi aliyekuwepo anaweza kujijibu.

Kampeni ya mwaka 2010

Ili kuteuliwa, mgombea ubunge hutakiwa kutimiza masharti ya Ibara ya 67 ya Katiba: awe raia wa Tanzania, awe ametimiza umri wa miaka 21, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama na mgombea aliyependekezwa na chama cha siasa. Sheria inaongeza wadhamini wasiopungua 25 walioandikishwa kupiga kura katika jimbo husika, pamoja na dhamana ya fedha, ambayo kwa ubunge ilikuwa shilingi 50,000. Kiwango hicho ni kidogo, na kwa maoni ya mwandishi ni vema kikawa kidogo. Mkulima wa alizeti mwenye nia ya kugombea hapaswi kuzuiwa na ada.

Baada ya uteuzi, fomu za wagombea hubandikwa hadharani. Mgombea mwingine, na maofisa wengine waliotajwa na sheria, wanaweza kuweka pingamizi hadi saa 10:00 jioni ya siku inayofuata siku ya uteuzi. Hatua hii ndiyo huamua mengi kuliko mikutano yote itakayofuata, ingawa huwa haina umati wala vipaza sauti.

Mikutano ya kampeni hufanyika kati ya saa 2:00 asubuhi na saa 12:00 jioni, kwa ratiba iliyoratibiwa na Msimamizi wa Uchaguzi ili vyama viwili visikutane kwenye uwanja mmoja kwa saa moja. Katika jimbo la vijijini lenye vijiji vilivyotawanyika, saa hizo si nyingi. Wananchi wapo shambani au machungani asubuhi, na mkutano wenye watu ni wa alasiri, hivyo mgombea hupata mikutano michache yenye maana kwa siku. Lugha ya kampeni ni Kiswahili, na pale inapolazimu kutumia lugha ya jamii husika basi maneno hutafsiriwa.

Kupiga kura kulifanyika tarehe 31 Oktoba 2010. Lissu alitangazwa mshindi, naye akawa Mbunge wa kwanza wa Jimbo la Singida Mashariki tangu kuundwa kwake. Bungeni alipewa nafasi ya Mnadhimu Mkuu wa Kambi Rasmi ya Upinzani, na akawa mmoja wa wachangiaji waliosikika zaidi katika masuala ya Katiba na sheria.

Shauri la kupinga matokeo

Ushindi haukuishia kwenye ubao wa matokeo. Wapigakura wawili walifungua shauri Mahakama Kuu wakiomba matokeo ya jimbo yatenguliwe.

Sheria inatoa haki hiyo kwa mgombea aliyeshindwa, kwa mpigakura aliyekuwa na haki ya kupiga kura katika jimbo hilo na kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Shauri hufunguliwa ndani ya siku 30 tangu matokeo kutangazwa. Zamani mlalamikaji alipaswa kuweka mahakamani shilingi milioni 5 kabla shauri lake kupangiwa tarehe ya kusikilizwa, sharti ambalo Mahakama ya Rufani ililifuta mwaka 2002 katika shauri la Julius Ishengoma Francis Ndyanabo dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kwa kuwa lilimnyima mwananchi maskini haki ya kusikilizwa. Utaratibu uliofuata uliruhusu mlalamikaji asiye na uwezo kuomba apunguziwe au aondolewe dhamana hiyo. Bila uamuzi huo ni vigumu kufikiri kwamba wapigakura wa kawaida wa kijijini wangeweza kulifikisha shauri la uchaguzi mbele ya Jaji.

Mwezi Aprili 2012 Mahakama Kuu ililitupilia mbali shauri hilo na Lissu akaendelea kuwa Mbunge. Ilikuwa imepita miezi 17 tangu siku ya kupiga kura, na muda wote huo jimbo lilikuwa na Mbunge ambaye uhalali wake ulikuwa ukisubiri kalamu ya Jaji.

Kampeni ya mwaka 2015

Kampeni za mwaka 2015 zilianza tarehe 22 Agosti na kupiga kura kukafanyika tarehe 25 Oktoba. Safari hii mgombea hakuwa mgeni. Alikuwa na rekodi ya miaka mitano ya kueleza na kutetea, na wapinzani wake walikuwa na rekodi hiyohiyo ya kuikosoa. Vyama vinne, yaani CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, vilikuwa vimeungana katika Umoja wa Katiba ya Wananchi (UKAWA), uliozaliwa katika mvutano wa Bunge Maalum la Katiba la mwaka 2014, na vilikubaliana kusimamisha mgombea mmoja wa urais, Mhe. Edward Lowassa, na kugawana majimbo. Mkoani Singida mpango huo haukubadili sura ya ramani: Lissu alirejea bungeni, na majimbo mengine saba yakabaki CCM.

Jambo moja la kiutaratibu linastahili kutajwa hapa, kwa kuwa wananchi wengi hulisahau. Matokeo ya ubunge huhesabiwa kituoni na kuandikwa katika Fomu Na. 21B, ambayo mawakala wa vyama huisaini na kupewa nakala. Majumlisho ya jimbo hufanywa na Msimamizi wa Uchaguzi kutokana na fomu hizo. Kwa hiyo chama chenye wakala makini katika kila kituo kinakuwa na hesabu yake mkononi kabla matokeo hayajatangazwa.

Kutoka Dodoma hadi kiti kuwa wazi

Mwezi Machi 2017 Lissu alichaguliwa kuwa Rais wa Chama cha Wanasheria wa Tanganyika. Tarehe 7 Septemba 2017, akiwa katika makazi yake Area D jijini Dodoma wakati Mkutano wa Bunge ukiendelea, alishambuliwa kwa risasi na watu wasiojulikana na kujeruhiwa vibaya. Alipatiwa matibabu ya awali Dodoma, akasafirishwa usiku uleule kwenda Nairobi nchini Kenya, na mwezi Januari 2018 akapelekwa Ubelgiji kwa matibabu zaidi. Hakurejea nchini hadi tarehe 27 Julai 2020.

Tarehe 28 Juni 2019 Spika wa Bunge, Mhe. Job Ndugai, aliliarifu Bunge kwamba amemwandikia Mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi kuwa kiti cha Singida Mashariki kipo wazi. Alitaja sababu mbili. Ya kwanza ni kutohudhuria Mikutano ya Bunge bila ya kuwa na ruhusa au taarifa kwa Spika. Ibara ya 71 ya Katiba inasema Mbunge atakoma kuwa Mbunge akikosa mikutano mitatu mfululizo bila ya ruhusa ya Spika. Ya pili ni kutowasilisha tamko la mali na madeni, ambalo kila Mbunge analazimika kulitoa kwa mujibu wa Ibara ya 70 na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma.

Lissu na chama chake walipinga uamuzi huo, wakieleza kwamba alikuwa hospitalini nje ya nchi na kwamba mahali alipo palifahamika kwa umma wote. Mabishano hayo yaligusa swali ambalo Katiba haikulijibu kwa maneno ya moja kwa moja: je, ugonjwa unaojulikana unatosha badala ya ruhusa, au lazima ruhusa iombwe? Maandishi ya Ibara yanazungumzia ruhusa. Hayasemi iombwe kwa namna gani wala na nani pale Mbunge mwenyewe anapokuwa hawezi. Kila Mbunge, wa chama chochote, ana maslahi katika jibu la swali hilo, na kila mpigakura pia, kwani kiti si mali ya Mbunge peke yake.

Wakazi wa jimbo hilo hawakuwa na sauti bungeni kupitia Mbunge wao tangu Septemba 2017. Huo ni muda wa bajeti mbili za Serikali, ya 2018/2019 na ya 2019/2020.

Uchaguzi mdogo wa Julai 2019

Tume ilitangaza tarehe 31 Julai 2019 kuwa siku ya kupiga kura. Siku hiyo haikufika kwa maana ya kura. Baada ya hatua ya uteuzi, mgombea pekee aliyekuwa ameteuliwa alikuwa Mhe. Miraji Mtaturu wa CCM, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Ikungi. Kwa sheria ya wakati huo, mgombea ubunge akiwa mmoja hutangazwa kuwa amechaguliwa, na vituo havifunguliwi. Kampeni ambayo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa haikuwapo, na kwa hiyo yale maswali ambayo wananchi huyahifadhi kwa ajili ya mgombea aliyesimama mbele yao hayakuulizwa.

Uchaguzi huo uliangukia pia katikati ya hukumu mbili zinazokinzana. Tarehe 10 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikuwa imetamka kuwa ni kinyume cha Katiba kwa wakurugenzi wa halmashauri kuwa wasimamizi wa uchaguzi kwa nyadhifa zao. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 16 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo.

Lissu, kupitia kwa ndugu yake ambaye ni wakili, alifungua maombi Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam akitaka uamuzi wa Spika upitiwe na Mhe. Mtaturu asiapishwe kwanza. Zuio halikutolewa. Mhe. Mtaturu aliapishwa bungeni mapema Septemba 2019, na siku chache baadaye Mahakama ikayatupa maombi hayo, ikionyesha kwamba njia iliyofaa baada ya mwingine kuchaguliwa ilikuwa shauri la kupinga uchaguzi. Katika Uchaguzi Mkuu wa tarehe 28 Oktoba 2020 Mhe. Mtaturu alichaguliwa tena. Lissu mwaka huo hakugombea ubunge. Alikuwa mgombea urais wa CHADEMA na kupata kura 1,933,271, dhidi ya kura 12,516,252 za Dkt. John Pombe Magufuli. Mwezi Januari 2025 alichaguliwa kuwa Mwenyekiti wa chama chake, akimshinda Mhe. Freeman Mbowe kwa kura 513 kwa 482.

Jirani: Singida Kaskazini

Singida Mashariki si jimbo pekee la mkoa huu kushuhudia uchaguzi mdogo katika kipindi hicho. Tarehe 30 Oktoba 2017 Mhe. Lazaro Nyalandu, Mbunge wa Singida Kaskazini tangu mwaka 2000 na Waziri wa zamani wa Maliasili na Utalii, alitangaza kujiuzulu ubunge na kuihama CCM, kisha akajiunga na CHADEMA. Mbunge anayeacha chama kilichompeleka bungeni hupoteza kiti, hivyo hapakuwa na mabishano ya kisheria kama yale ya Ikungi. Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 13 Januari 2018, siku moja na Longido na Songea Mjini. CHADEMA ilisusia. Mhe. Justin Monko wa CCM alishinda, na angalau wananchi walipanga foleni vituoni.

Yaliyobadilika katika sheria

Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, Sura ya 343, iliyotumika katika chaguzi zote zilizoelezwa hapa, imefutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024. Sheria nyingine ya mwaka huohuo imeipa Tume jina la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi na kuweka utaratibu mpya wa kuwapata wasimamizi wa uchaguzi kutoka miongoni mwa watumishi waandamizi wa umma.

Badiliko linalowahusu zaidi wananchi wa Singida Mashariki ni lile la mgombea pekee. Chini ya sheria mpya mgombea ubunge asiye na mpinzani hatangazwi tena moja kwa moja kuwa mshindi. Jina lake hupelekwa kwa wapigakura, nao huamua kwa kura ya kumkubali au kumkataa. Utaratibu huo kwa mgombea urais ulikuwapo tangu zamani, na umechelewa kuwafikia wabunge na madiwani. Vifungu kuhusu kukosa mikutano mitatu na kuhusu tamko la mali vimebaki katika Katiba kama vilivyokuwa mwaka 2019. Tamko la mali la kila mwaka huwasilishwa kwa Kamishna wa Maadili ya Viongozi wa Umma kabla ya kumalizika kwa tarehe 31 Desemba.